Keki ya Arusi na Hati ya Shamba

Liko swali moja linaloulizwa mara nyingi na Wakristo wapendao kusoma: Je, yafaa mtu wa kanisa asome kitabu cha mtu asiyekuwa wa kanisa, tena mtu aliyesema waziwazi ya kuwa yeye si Mkristo? Wako wanaojibu ya kuwa haifai kabisa. Wako wengine wanaojibu ya kuwa vitabu vyote ni sawa, kila mtu na achukue apendacho. Sisi twaona ya kuwa majibu haya mawili yote ni ya uvivu. Wa kwanza hutema kabla ya kuonja, na wa pili humeza kabla ya kutafuna. Yatupasa kusoma, kupima, kisha kusema: hapa mtu huyu amesema kweli, na hapa amekosa.

Leo twataka kupima mchezo mmoja wa kuigiza uliotungwa kwa jirani zetu wa Kenya. Kwa Kikikuyu waitwa Ngaahika Ndeenda, na katika Kiswahili umepewa jina la Nitaolewa Nikipenda. Waliotunga ni watu wawili, Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii. Habari zake ni za arusi, na kanisa, na duka, na benki, na shamba dogo la mtu maskini. Hizi si habari za mbali kwetu sisi watu wa Msangeni, wala kwa ndugu zetu wa Usangi, Same, Mbaga na Gonja. Kwa hiyo tumeona vema tuzungumze nanyi juu yake.

Kwanza tuseme kidogo habari za mtunzi mkubwa, Ngugi wa Thiong'o. Alizaliwa mwaka 1938 katika kijiji cha Kamiriithu, karibu na Limuru. Alisoma katika shule ya Alliance huko Kikuyu, ambayo ilianzishwa na umoja wa misheni za Kiprotestanti, na siku zile alikuwa kijana Mkristo aitwaye James Ngugi. Baadaye alisoma Makerere, kisha Leeds katika Uingereza, na huko mawazo ya Karl Marx yalimwingia sana. Mwezi wa Machi mwaka 1970 alialikwa kuhutubu mbele ya mkutano mkuu wa Kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki. Akaanza kwa kuwaambia wazee wa kanisa ya kuwa yeye si mtu wa kanisa, wala si Mkristo. Kisha akawaambia ya kuwa kanisa katika Afrika limekaa mno upande wa wenye nguvu na wenye mali, na ya kuwa yalipasa lirudi kwa maskini. Alipokwisha, mzee mmoja alisimama kwa hasira, akitikisa fimbo yake, akamkemea: Wasemaje ya kuwa wewe si Mkristo, na jina lako ni James? Ngugi alilifikiri neno lile, na baadaye akaliacha jina la James. Alifariki tarehe 28 Mei 2025 katika Marekani, akiwa na umri wa miaka 87.

Basi mtu huyo ndiye tunayemsoma. Alilijua kanisa tangu ndani, akatoka, akageuka akalitazama.

Mchezo huu haukutungwa mezani tu. Watu wa Kamiriithu walikuwa na chama chao cha elimu na utamaduni, na watungaji wawili waliwasomea maneno waliyoandika. Wanakijiji walirekebisha, wakasema mzee hasemi hivi, wala wimbo wa arusi hauimbwi vile. Wakajenga wenyewe uwanja wa maonyesho usiokuwa na paa, wa kukalisha watu wapatao 2,000. Walioigiza walikuwa wakulima na watu wa viwandani na wa mashamba ya chai. Mchezo ulianza kuonyeshwa tarehe 2 Oktoba 1977, na watu wakaja kwa wingi. Hata tarehe 16 Novemba mwaka ule ule serikali ikaondoa ruhusa. Tarehe 31 Desemba Ngugi wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini katika gereza la Kamiti, bila kufikishwa mahakamani, mpaka Desemba 1978. Mwaka 1982 uwanja ule ulibomolewa. Mchezo ulioogopwa namna hii lazima ulisema jambo. Na tuliangalie jambo lenyewe.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kueleza. Kiguunda ni kibarua katika shamba la tajiri aitwaye Ahab Kioi. Mkewe ni Wangeci, na binti yao ni Gathoni. Mali yao ni shamba la ekari moja na nusu, na hati ya shamba hilo imetundikwa ukutani nyumbani, ili kila aingiaye aione. Kioi ni mtu wa kanisa, mfanyi biashara, na rafiki wa matajiri wa nchi za nje. Rafiki zake wanalitaka shamba lile dogo kwa kujenga kiwanda cha dawa ya kuulia wadudu. Kiguunda hataki kuuza.

Siku moja Kioi na mkewe Jezebel, pamoja na rafiki zao, wakaja kumtembelea kibarua wao. Kiguunda na Wangeci wakashangaa: Matajiri hawa watafuta nini katika nyumba ya maskini? Wakadhani wamekuja kwa ajili ya Gathoni, kwa kuwa kijana wa Kioi alikuwa akitembea na binti huyu na kumpa mavazi mapya. Kumbe wageni walikuja na neno lingine. Waliwaambia ya kuwa wanakaa katika dhambi, kwa sababu walioana kwa desturi ya Kikikuyu tu. Basi wakafunge arusi kanisani. Mara ya kwanza Kiguunda alikasirika, akashika upanga, akawafukuza. Lakini baadaye yeye na mkewe walisemezana: Labda ndiyo njia ya kumwozesha binti yetu katika nyumba kubwa, hawawezi kuoana na watu wasiokuwa na arusi ya kanisa.

Lakini arusi ya kanisa ni gharama. Yatakiwa suti, na shela, na pete, na viatu, na keki, na viti vipya vya kukalisha wageni wa heshima. Kiguunda hana fedha. Kioi akamwonyesha benki, ambayo yeye mwenyewe ni mmoja wa wakuu wake, na Kiguunda akaiweka rehani hati ya shamba. Wakanunua vitu. Wakavaa mavazi ya arusi ndani ya nyumba yao, na katika mawazo yao wakaiona arusi nzima, pamoja na keki ndefu ya ghorofa. Wakati huo huo Gathoni akarudi akilia: ana mimba, na kijana wa Kioi amemkana. Kiguunda akaenda kwa Kioi kudai haki. Akafukuzwa kwa bunduki. Akapoteza kazi, na deni likadaiwa, na shamba likapigwa mnada, akalinunua Kioi. Arusi yenyewe haikufungwa kamwe.

Sasa tupime. Neno la kwanza alilosema kweli mtunzi ni hili: Ndoa na arusi ni vitu viwili. Ndoa ni agano la mtu mume na mtu mke mbele za Mungu na mbele ya mashahidi. Agano hilo halina bei. Mchungaji haulizi suti imenunuliwa wapi, wala Neno la Mungu halitaji keki mahali popote. Lakini polepole vitu vya duka vimeingia na kukaa karibu sana na agano, hata mtu maskini hawezi tena kuvipambanua. Kiguunda hakuambiwa na Kioi, Nunua keki. Aliambiwa, Tubu dhambi. Kufika kwake katika toba akakuta lazima apite dukani kwanza, na kabla ya duka apite benki. Hapo mtunzi ameona kwa macho makali. Tajiri hakuja kumwomba maskini shamba. Alikuja kumwombea roho yake, na shamba likafuata lenyewe.

Neno la pili la kweli ni juu ya heshima. Katika mchezo huu Kiguunda si mlafi. Yeye na Wangeci watamani binti yao asidharauliwe. Kila kitu walichonunua walikinunua ili macho ya watu wengine yawatazame vizuri. Ndivyo vitu vya duka vinavyofanya kazi siku hizi katika nchi zote za ulimwengu. Mtu hanunui nguo kwa sababu ya baridi tu, wala kiti kwa ajili ya kukaa tu. Anunua mahali pake kati ya watu.

Na tuje nyumbani kwetu. Mashamba yetu ya mlimani ni madogo, yamegawanywa kutoka baba hata mwana, na migomba na mibuni imesongamana. Kioi hajafika Msangeni, wala hatuna kiwanda cha dawa ya wadudu kinachotutamani. Lakini kadi ya mchango imefika. Kijana akitaka kuoa, kwanza huundwa kamati, na kamati huandika kiasi, na kiasi huenea kwa simu hata Dar es Salaam na Arusha. Yuko anayepaswa kulipa ukumbi, na mapambo, na mpiga picha, na mshereheshaji, na muziki, na gari. Kabla ya arusi iko sherehe ya kumwaga binti. Mtoto akipata kipaimara, yeye naye afanyiwa karamu, na mzazi asiyeweza huona haya kupita njiani. Krismasi ikikaribia, ndugu zetu wanapanda mlima kutoka mijini, na wengine hawapandi kabisa kwa sababu hawana cha kuonyesha. Hebu tulifikiri jambo hilo: mtu aacha kuwaona wazazi wake katika sikukuu ya kuzaliwa kwa Bwana aliyezaliwa zizini, kwa sababu hana nguo mpya!

Tena tukumbuke jambo la hati. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imempa mwanakijiji wa Tanzania njia ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila kwa shamba lake. Ni jambo jema, kwa kuwa humlinda mjane na yatima, na hupunguza magomvi ya mipaka. Lakini hati hiyo yaweza kuwekwa rehani kwa mkopo. Mkopo wa kununua mbegu, au ng'ombe wa maziwa, au kumpeleka mtoto shuleni, waweza kurudi na faida. Mkopo wa karamu hauzai kitu; karamu ikiisha Jumamosi usiku, deni laamka Jumapili asubuhi. Kwa hiyo karatasi iliyotundikwa ukutani kwa Kiguunda yaweza kuwa katika sanduku letu pia.

Na mambo yamezidi hapo yalipokuwa mwaka 1977. Siku zile mtunzi aliona vitu vya duka vikisimama karibu na sakramenti. Siku hizi, katika mikutano mingine, baraka zenyewe zimetiwa katika chupa. Yako maji ya upako, na mafuta, na vitambaa, na mtu huahidiwa ya kuwa akitoa fedha atapata gari na nyumba. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo huko Moshi, ambapo si mbali na kwetu, watu walisongamana ili wakanyage mafuta yaliyosemwa kuwa ya upako, na watu 20 wakafa kwa kukanyagwa. Hatusemi hayo kwa kuwacheka waliokufa. Walikuwa watu wenye shida, na wengine wagonjwa, waliotafuta msaada. Lakini kama Ngugi angaliandika mchezo wenye habari hiyo, tungalimwambia ya kuwa ametia chumvi.

Basi kwa mambo hayo twamshukuru. Sasa tuseme alipokosa.

Kosa la kwanza ni hili: Lawama yote ameiweka juu ya Kioi. Katika mchezo huu, ukimwondoa Kioi na rafiki zake wa nchi za nje, maskini ni watu wema tupu. Gicaamba, jirani wa Kiguunda, ambaye ni mfanyi kazi wa kiwandani, ndiye msemaji wa mawazo ya mtunzi. Naye aeleza ya kuwa dini zililetwa na wageni ili watu walale, na ya kuwa dini ni kama kileo cha roho. Lakini nani aliyeandika kadi zetu za mchango? Hakuna mgeni aliyeziandika. Sisi wenyewe kwa sisi hupimana kwa macho, jirani na jirani, ndugu na ndugu. Tamaa ya kuonekana imo ndani ya maskini kama ilivyo ndani ya tajiri, na mkubwa mwenye hila huja kuvuna tu shamba ambalo mioyo yetu imekwisha kulilima. Mtunzi alikaribia kuliona jambo hilo, kwa maana ni Kiguunda na Wangeci wenyewe waliobadili mawazo baada ya kumfukuza Kioi. Lakini hakukaa hapo. Aliharakisha kwenda kwa adui wa nje.

Tena ameisifu mno arusi ya zamani. Katika mchezo twaonyeshwa jinsi wazee wa Kikikuyu walivyooza kwa mbuzi na nyimbo, na mambo yote ni ya furaha. Kwetu pia wazee walioza kwa mbuzi na ng'ombe na dengelua, nasi hatudharau. Lakini wako vijana waliochelewa kuoa kwa kukosa mifugo, na wako mabinti waliopelekwa kwa wazee wenye mazizi. Tofauti iliyo ya kweli ni kwamba mbuzi yule alibaki kati ya jamaa, na kesho alizaa. Lakini fedha ya ukumbi na mapambo yashuka mlima, wala hairudi.

Kosa la pili ni la ufundi, nalo limeharibu kweli yake. Wakristo wote wa mchezo huu ni wa namna mbili: ama ni wanafiki kama Kioi na Jezebel, ama ni wapumbavu wanaodanganywa. Hakuna Mkristo hata mmoja anayesimama kumwambia Kioi neno. Mtunzi aliye hodari anajua ya kuwa adui akichorwa kwa mstari mmoja tu, msomaji hamwogopi. Na mtu mwema akikosekana upande wa pili, vita haina uzito. Kioi wa mchezo huu husema maombi na kunyang'anya, kunyang'anya na kusema maombi, wala hatumwoni hata mara moja akipigana na dhamiri yake. Twadhani Kioi wa kweli ni wa hatari zaidi, kwa sababu huamini maombi yake mwenyewe.

Tena historia ya Kenya yenyewe haikubali ya kuwa Wakristo wote walinyamaza. Katika kanisa lile lile la Kipresbiteri alilolihutubia Ngugi alitoka mchungaji Timothy Njoya, ambaye siku ya kwanza ya mwaka 1990 alihubiri Nairobi juu ya kuachwa kwa utawala wa chama kimoja, akapata matata mengi. Askofu Alexander Muge wa Eldoret alikemea wanyang'anyi wa ardhi waziwazi, akafa katika ajali ya gari tarehe 14 Agosti 1990. Ni kweli, hayo yalikuja baada ya mchezo kuandikwa, wala mtunzi hakuweza kuyatabiri. Lakini hata katika mwaka ule ule wa 1970 alipowahutubia wazee, muumini mmoja alisema neno lililo karibu sana na lake. Mwezi wa Oktoba mwaka ule Mwalimu Julius Nyerere, Rais wetu, aliye Mkatoliki, aliwahutubia masista wa Maryknoll katika Marekani. Aliwaambia ya kuwa kanisa lisiposhiriki kupigana na mambo yanayowafanya watu kuwa maskini, litahesabiwa kuwa pamoja na waonevu. Mmoja asiyekuwa Mkristo na mmoja Mkristo, katika mwaka mmoja, walionya jambo moja. Tofauti yao ni kwamba Nyerere aliliambia kanisa kama mtu anayemwambia mama yake.

Na hapa twafika katika jambo ambalo twaliona kuwa kubwa kuliko yote katika mchezo huu. Mtunzi alipotafuta majina ya tajiri wake na mkewe, aliyapata wapi? Aliwaita Ahab na Jezebel. Majina hayo yatoka katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, mlango wa 21, katika habari za Nabothi na shamba lake la mizabibu. Mfalme alitamani shamba la jirani. Nabothi akakataa kuuza urithi wa baba zake. Malkia akatangaza mfungo wa dini, akaweka mashahidi wa uongo, Nabothi akauawa, na shamba likachukuliwa. Tazameni jinsi Jezebeli wa zamani alivyotumia ibada ili apate shamba! Kila kilichomo katika mchezo wa Ngugi kimo katika mlango ule mmoja. Lakini Biblia ina mtu mmoja ambaye Ngugi amemwacha nje, naye ni Eliya, aliyetumwa na Mungu kusimama mbele ya mfalme katika shamba lile lile la wizi na kumwambia hukumu.

Kwa hiyo twasema: Mtu aliyejitenga na kanisa, alipotaka fimbo ya kulipiga kanisa, aliikuta ndani ya kanisa. Hatusemi hivyo kwa kujisifu. Ni neno la kututia haya, kwa kuwa fimbo hiyo ilikuwa mikononi mwetu siku zote, nasi tuliitundika ukutani. Martin Luther alipopinga kuuzwa kwa vyeti vya msamaha mwaka 1517, hakuwa mtu wa nje. Alikuwa mtawa na mwalimu wa Maandiko. Amosi aliyewakemea wauzao maskini kwa jozi ya viatu alikuwa mtu wa Mungu. Bwana wetu mwenyewe alipindua meza za wabadili fedha hekaluni. Kama waumini wangalifanya kazi yao, asiyeamini asingalikuwa na mchezo wa kutunga.

Hata mwalimu wa Ngugi, Karl Marx, twaweza kumpima kwa njia hiyo hiyo. Marx alisema ya kuwa dini huwafanya watu wavumilie maumivu bila kuyaondoa. Lakini katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1867 alisema neno lingine, ambalo watu hulisahau: ya kuwa katika soko la siku hizi vitu vilivyotengenezwa na mikono ya watu vyaonekana kana kwamba vina uhai na nguvu zake, hata watu wakatawaliwa na kazi ya mikono yao wenyewe. Akafananisha jambo hilo na watu wanaoabudu sanamu. Msomaji wa Isaya mlango wa 44 ataijua habari hiyo mara moja. Seremala akata mti. Nusu aukokea moto na kuota mkate, na nusu afanya mungu, akamsujudia. Marx alidhani ya kuwa duka na dini vitaanguka pamoja. Siku hizi twaona ya kuwa sivyo. Katika nchi nyingi za Ulaya makanisa yamepungukiwa watu, lakini maduka ya Krismasi yamejaa. Sikukuu imebaki bila mwenyewe. Kumbe kuacha kuamini hakumwokoi mtu na sanamu ya duka. Hapo ndipo dawa ya Ngugi isipotosha: amemwambia Kiguunda aache dini, lakini hakumwambia atapata wapi nguvu ya kutokuwa na haya mbele ya jirani mwenye keki kubwa.

Sisi twaamini ya kuwa nguvu hiyo iko. Mtu ajuaye ya kuwa amekwisha kupewa heshima na Mungu bure, hana haja ya kuinunua kwa rehani. Lakini imani hiyo ikikaa katika mahubiri tu, haitoshi. Yapasa ionekane katika desturi za usharika. Kwa hiyo twaleta mashauri machache, wazee wetu wayapime.

La kwanza, wachungaji na wazee wa kanisa wawakaribishe watu walioishi pamoja miaka mingi bila ndoa ya kanisa waje kubarikiwa katika ibada ya Jumapili, kwa nguo zao za kila siku, bila karamu. Mlango huo ukiwa wazi kweli, Kioi hana la kusema. La pili, mahali tunapoketi kama kamati ya arusi, swali la kwanza lisiwe kiasi gani, bali hawa wawili watalala wapi na watalima wapi baada ya arusi. Fedha ya mapambo ya siku moja yatosha kununua mabati au mbuzi wa maziwa. La tatu, mwenye uwezo na afanye karamu ndogo kwa makusudi. Maskini akipunguza, watu husema ameshindwa. Tajiri akipunguza, hufungulia watu wote njia. La nne, ambalo twalisisitiza sana: mtu awaye yote asiweke shamba rehani kwa ajili ya sherehe, iwe ya arusi, au kipaimara, au mazishi. Ahadi hiyo na ifundishwe katika darasa la kipaimara kama tunavyofundisha Amri Kumi, kwa maana zasema habari za mali ya jirani, na habari za uhai wake.

Tena tuyaangalie mambo mema tuliyo nayo. Katika makanisa mengi ya mlimani, baada ya ibada watu hutoka nje, na mikungu ya ndizi na mayai na kuku waliotolewa sadaka hupigwa mnada. Ni soko, tena ni mlangoni pa kanisa. Lakini mjane aliyeleta mayai matatu ametoa sadaka sawa na mwingine, na tajiri anayeyanunua kwa bei ya juu kuliko duka ametoa naye, na mara nyingine humrudishia mjane mayai yale yale. Hapo fedha yamtumikia mtu. Ngugi alipotazama kanisa na soko vikikutana, aliona mnada mmoja tu, ule uliomnyang'anya Kiguunda ekari moja na nusu. Twatamani angaliuona na huu.

Mwenye kupata Nitaolewa Nikipenda na akisome, tena asome kwa sauti pamoja na watu wa nyumbani, kwa maana umetungwa ili usikiwe. Akisha kusoma, na afungue Wafalme wa kwanza, mlango wa 21. Kisha alitoe lile sanduku lililo chini ya kitanda, aitazame hati ya shamba lake, na kujiuliza ni nani, au ni nini, kinachoitamani.